Flashi, Geti na Kidole Gumba

Kuna lugha ambayo wazazi wetu waliiongea sana miaka ya mwanzo ya simu za mkononi, na haikuwa na neno hata moja. Unampigia mtu, simu inalia mara moja, unakata kabla hajashika. Flashi. Haikugharimu senti. Mama yangu akitoka Isebania na matatu ya jioni, flashi moja ilitosha: weka maji ya ugali motoni, niko karibu. Shangazi akiflashi mara mbili, maana yake nipigie, sina kredo. Mlio ulikuwa ule ule. Maana ilikaa kwenye makubaliano ambayo watu wawili walishafanya zamani, wakiwa wamekaa uso kwa uso. Mtu ambaye hamkukubaliana naye akikuflashi, unabaki unatazama simu tu kama kuku aliyenyeshewa.

Mashine za muziki nazo hufanya flashi. Na historia ya flashi zao, jinsi mafundi wa Marekani na Japani walivyoshindwa kukubaliana kwa miaka mingi maana ya mlio mmoja, imenikalisha macho mwaka mzima hapa Migori, mji ambao sidhani una watu watano wenye hamu ya kusikia habari hizo. Basi nawaandikia nyinyi.

Nianze na mashine yenyewe. Sinthesaiza ya moduli si kinanda kile cha kanisani chenye sauti mia tano na mdundo wa rumba ndani. Ni sanduku la vipande. Kipande kimoja hutoa sauti, kingine huichuja, kingine huipandisha na kuishusha, na hakuna hata kimoja kinachojua jirani yake yupo mpaka uwaunganishe kwa waya. Waya mwingine hubeba sauti. Mwingine hubeba noti, iwe juu au chini. Halafu kuna waya ambao hubeba neno moja tu: sasa.

Hilo "sasa" huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni triga, na ni kama kengele ya mlangoni: kii, imekwisha. Mashine imeambiwa ianze, mengine itajua yenyewe. Ya pili ni geti, na hapa Kiswahili cha mtaani kimetupa bahati, kwa sababu ni geti kweli. Soja analifungua, linakaa wazi kwa muda anaotaka yeye, halafu analifunga. Geti likiwa wazi noti inaendelea. Likifungwa, noti inaanza kufa. Triga husema anza. Geti husema anza, endelea, endelea, basi.

Watu wa huku walikuwa na triga kabla ya stima. Mtazame jathum, mpiga nyatiti, akiwa kazini. Amekaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala mbele yake, nyuzi nane, mikono yote miwili ina shughuli. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, oduong'o, na kwa hiyo pete anagonga ukingo wa mbao wa ala. Mguuni pia amefunga gara, njuga zinazolia kila anapoutikisa. Mtu mmoja, bendi nzima. Nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa ya mnyama. Siku hizi wengi wanatumia uzi wa nailoni, ule ule wa wavuvi wa ziwani. Lakini kile kidole ndicho bosi. Mikono inaweza kucheza itakavyo, wimbo uko pale mguu ulipo.

Kumbukeni huo mguu. Tutauhitaji.

Oktoba 1964 Robert Moog alipeleka moduli zake kwenye mkutano wa wahandisi wa sauti jijini New York. Alikuwa amezianza mwaka huo huo akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch. Wengi wanamkumbuka kwa kanuni ya volti moja kwa oktavu: ongeza volti moja, noti inapanda oktavu nzima. Hiyo kanuni ilishinda, na bado inatawala. Ila kwenye neno "sasa", mashine za Moog zilifuata njia ambayo ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni utani.

Mtu wa kawaida angefikiri hivi: nikitaka mashine ianze, naituma umeme. Hiyo ndiyo triga ya volti. Waya ukiwa na sifuri, kimya. Ukipata volti tano au kumi, anza. Kinanda cha Moog kilitumia kitu kingine, triga ya swichi. Hapa mashine yenyewe inaweka umeme kwenye waya na kukaa inausikiliza. Umeme ukiwepo, hakuna habari. Ukiugusisha ule waya na ardhi, umeme unaanguka hadi sifuri, na huko kuanguka ndiko kunakosema "sasa". Ni kama mama angeniambia: nitakuflashi kila dakika njia nzima, na nikinyamaza ujue nimefika.

Si ujinga. Faida yake ni kwamba unaweza kufunga swichi nyingi kwenye waya mmoja, na yoyote kati yao ikigusa ardhi ujumbe umefika, hakuna inayopigana na mwenzake. Moog hata aliipa plagi yake ya pekee, ya bapa mbili, moja pana kuliko nyingine, ili usiichanganye na waya wa sauti. Minimoog ya mwaka 1970 ilikuja na tundu la plagi hiyo hiyo. Lakini sekwensa yake kubwa, moduli namba 960, ilitoa triga ya volti! Kwa hiyo nyumba ya Moog yenyewe ilikuwa na lugha mbili chini ya paa moja, ikabidi watengeneze moduli nyingine, 961, ambayo kazi yake ni ukalimani tu: volti iwe swichi, swichi iwe volti. Nikisoma habari za 961 huwa nawafikiria watoto wa mpakani kwetu, wanaotumwa dukani Sirari na wanajua kubadilisha shilingi kwa shilingi kichwani kabla hawajajua kuandika.

Upande wa pili wa Marekani, San Francisco, Don Buchla alikuwa anajenga vyake kwa ajili ya watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender. Buchla hakutaka hata kinanda cha funguo nyeupe na nyeusi. Aliweka vibao vya kugusa kwa kidole. Mfululizo wake wa 200, ulioanza 1970, ulitumia volti 1.2 kwa oktavu, maana kwa nini ufanane na jirani? Na kwenye "sasa" alifanya jambo ambalo nalipenda sana. Aliweka triga na geti kwenye waya mmoja. Mpigo unaanza na kilele cha volti kama 10, halafu unashuka na kukaa karibu na 5 kwa muda wote noti inaposhikiliwa. Kilele ni kengele, ule uwanda wa volti 5 ni geti. Moduli moja inasikiliza kilele tu, nyingine inasikiliza urefu, kila mtu anachukua chake. Sasa chukua mpigo huo uupeleke kwenye mashine ya mtu mwingine. Hiyo mashine inaona volti 5 bado zipo, inaona geti liko wazi, na haijui kabisa kwamba kulikuwa na kengele.

Waya za Buchla za kudhibiti pia zina msumari mmoja tu. Waya wa kawaida wa sauti hubeba vitu viwili, ujumbe na ardhi. Wake hubeba ujumbe peke yake, kwa sababu masanduku yake yameshagawana ardhi kwa ndani. Ukitaka kuyaunganisha na ya kampuni nyingine, kwanza lazima ufunge waya wa ardhi kati ya sanduku na sanduku, la sivyo volti 5 za huyu si volti 5 za yule. Nilipomweleza hivyo fundi ninayefanya naye kazi, mzee wa redio na televisheni, alicheka mpaka akaweka kifaa cha kulehemu chini. "Omera, kumbe hata wazungu na mashine zao, ugomvi ni wa ardhi."

ARP, kampuni ya Alan R. Pearlman, nayo iliingia na msimamo wake. Kwao triga na geti zilikuwa waya mbili tofauti. ARP 2600 ya mwaka 1971 ilitoa geti la volti 10 linalokaa wazi ukishikilia ufunguo, na triga inayopiga kila ukibonyeza ufunguo mpya hata kama hujaachia wa kwanza. Ni akili nzuri: geti linasema mtu bado yupo ndani, kengele inasema ameingia mwingine. Lakini ukiwa na mashine inayotaka zote mbili, na jirani anakupa moja tu, unasimama hapo nje kama mgeni wa harusi aliyekuja bila kadi.

Japani sasa. Hapa naomba mniruhusu nipunguze mwendo kidogo, kwa sababu kuna mtu ninayempenda. Ikutaro Kakehashi alianza maisha akiwa kijana wa kurekebisha saa, akaenda kwenye redio, akaishia kuanzisha Roland mwaka 1972. Fundi wa saa na redio! Mtu ambaye huku angekuwa na kibanda cha mabati karibu na steji. Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha mwaka wa pili karo iliponishinda, tulifundishwa historia ya teknolojia kana kwamba yote ilitoka kwenye maabara na makongamano. Kakehashi hakuwahi kutajwa. Roland walifuata volti moja kwa oktavu na triga ya volti, njia ya wazi. Korg, wakazi wa nchi hiyo hiyo, walitoa MS-20 mwaka 1978 ikiwa na triga ya swichi, na kwenye noti wakatumia hesabu nyingine kabisa ambapo kila oktavu inadai volti mara mbili ya iliyotangulia.

Halafu mashine za ngoma zikaja na kuleta ugomvi mpya: mwendo. Ukiwa na mashine mbili za mdundo, moja lazima iwe jathum na nyingine ifuate. Roland walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba mashine kiongozi itoe mipigo midogo 24 kwa kila pigo moja la muziki. Korg wakachagua 48. Plagi ni ile ile ya pini tano, inaingia vizuri, hakuna kinachoungua. Lakini Korg ikiiongoza Roland, Roland inakimbia mara mbili, kama bodaboda aliyesikia kuna askari nyuma.

Mwishowe walichoka. Kakehashi ndiye aliyeanza kuwasukuma wenzake mwaka 1981, na Dave Smith wa kampuni ya Sequential akaandika pendekezo la lugha moja kwa vinanda vyote. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, kinanda cha Smith na kinanda cha Roland viliunganishwa kwa waya mmoja hadharani na vikaelewana. Hiyo ndiyo MIDI. Iko nyuma ya karibu kila kinanda ninachokiona kwenye harusi za ohangla kuanzia Awendo hadi Mbita, ingawa sijaona mtu akichomeka kitu pale. Mwaka 2013 Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Na plagi ya MIDI ni ipi? Pini tano. Ile ile! Plagi inalingana, lugha hailingani. Kama hilo halikufundishi kutoamini macho yako, sijui nini kitakufundisha.

Ungedhani MIDI ilimaliza habari ya triga na geti. Haikumaliza. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer alianza kuuza moduli ndogo za bei nafuu, mfumo wa A-100, zenye matundu ya milimita 3.5, yaani plagi ile ya earphone. Wengine wakaiga vipimo vyake, na leo mfumo huo unaitwa Eurorack na una watengenezaji wengi sana duniani. Geti la kawaida hapo ni volti 5, lakini kuna wanaotoa 8, kuna wanaotoa 10, na kuna moduli inayoamka kwa volti 1 wakati jirani yake inataka 3. Makubaliano yapo nusu nusu. Nairobi vijana wanazicheza. Santuri wamekuwa wakifundisha muziki wa kielektroniki, na KMRU, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu, albamu yake Peel ya 2020 ilisikika Ulaya yote. Huku kwetu mambo ni tofauti. Moduli moja ni bei ya ng'ombe. Tunacheza na vilivyopo.

Vilivyopo kwangu vilikuwa viwili. Korg Volca ndogo ya mdundo, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na MS-20 Mini niliyoazimwa na rafiki wa Nairobi. Zote mbili zilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 2013, kampuni moja. Volca inasikiliza mpigo wa volti 5. MS-20 Mini, kwa heshima ya mama yake wa 1978, bado inataka kugusishwa ardhi.

Na kwa nini nilizitaka? Ni kwa sababu ya jathum mmoja wa upande wa Nyatike, mzee ambaye ameniruhusu nirekodi nyimbo zake ila jina lake nisiliandike. Alikuwa ameshaenda studio mara moja, mji mwingine, studio nisiyoitaja. Walimvisha headphone, wakamwekea metronomi, tik tik tik, wakamwambia afuate. Alijaribu. Nimeisikia hiyo rekodi. Mikono iko sawa kabisa, na wimbo umekufa. Unamsikia anavyouvuta mguu wake nyuma kila mara kama mtu anayetembea na mtoto.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni pakruok. Kwa asiyejua: katikati ya wimbo mtu anasimama, anatoa pesa, anaukatiza muziki, na anaanza kujisifu. Yeye ni nani, mtoto wa nani, mpenzi wake anashinda jua, shule aliyosoma ilikuwa na madirisha ya vioo. Watu wanacheka, mwingine anajibu, pesa zinaongezeka, halafu jathum anagonga mguu na wimbo unaendelea pale pale ulipoachwa. Pakruok inaweza kuchukua sekunde kumi au dakika tatu. Ndiyo uchumi wa muziki huu, na kwa maoni yangu ndiyo fasihi yake pia. Metronomi haijui pakruok. Kinanda chenye mdundo wa ndani hakijui pakruok. Nimeona kwenye matanga mpiga kinanda akihangaika kutafuta kitufe cha kusimamisha huku tajiri wa dagaa ameshamaliza kujisifu na amekaa.

Nyatiti imeshakaa na mashine, si jambo jipya. Ayub Ogada aliipeleka Uingereza miaka ya 1980. Owiny Sigoma Band, wanamuziki wa London pamoja na Joseph Nyamungu, walitoa albamu yao ya kwanza 2011. Swali langu lilikuwa dogo kuliko hayo yote: je, naweza kuigeuza studio ile kichwa chini? Badala ya mzee kuifuata mashine, mashine imfuate mzee. Mguu uwe ndio kiongozi.

Ndipo nikaenda kwa fundi na Volca kwenye mfuko wa kanga. Yeye ni jaduong', ananiita omera kwa upole tu, na hana haraka. Alisikiliza habari zote za Moog na Buchla akiwa ameinama kwenye televisheni ya mtu. Halafu akauliza, "Hiyo kitu inataka volti ngapi, na kwa muda gani?" Katika yote niliyosoma, hakuna aliyeliweka swali vizuri hivyo.

Tulianza na kidude cha kengele kutoka kwenye saa ya ukutani iliyokufa, kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati. Ukikipa umeme kinalia; ukikigonga kinatoa umeme. Tulikifunga chini ya ukingo wa nyatiti, mahali pete inapogonga, na kipande cha tyubu ya baiskeli katikati ili kisivunjike. Kikigongwa vizuri kinaweza kutoa volti nyingi kwa nukta ya muda, mshindo mkali halafu mtetemo mrefu. Hiyo si triga ambayo mashine yoyote ingeikubali. Ni kelele yenye umeme. Na gara nazo zilikuwa zinatikisa mbao, kwa hiyo kila mguu mmoja ulihesabiwa kama mitatu, minne. Volca ilikuwa inakurupuka kama mbuzi.

Jaduong' alitoa transista kwenye redio mbovu, ile ndogo ya miguu mitatu, na saketi ya 555. Hiyo 555 iliundwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na kila fundi duniani anayo kwenye kopo fulani. Kazi yake ni saa ya mpigo mmoja: iamshe, inawasha waya wake kwa muda uliopanga, inazima. Cha ajabu, 555 yenyewe huamshwa kwa kushusha umeme wa mguu wake wa kuamshia. Inaamka kwa namna ya swichi, inajibu kwa namna ya volti. Kisahani kinaipiga transista, transista inauvuta mguu wa 555 chini, na 555 inatoa geti safi. Na ikishaanza kuhesabu, haisikii milio mingine mpaka imalize. Rizista ya kilo-omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 1 hukupa sekunde 0.11. Ndani ya hiyo sekunde 0.11, gara zipige zitakavyo, hakuna anayezisikiliza. Hapo ndipo mguu mmoja ukawa mmoja.

Umeme tulitoa kwenye power bank. Plagi tulikata kwenye earphone iliyokufa sikio moja. Kila kitu, ukiondoa saa ya ukutani ambayo ilikuwa ya bure, hakikufika shilingi mia tatu.

Volca ikakubali mara moja. Kila mpigo inasonga hatua mbili, kwa hiyo mguu mara nane ni mzunguko mzima wa hatua 16. Tulipohamisha waya kwenda MS-20, ikaanza kulia bila kukoma, na kila mguu ulipogonga, ikanyamaza. Jaduong' alitega sikio kidogo. "Hii inaongea kinyume." Alisema bila kusoma kitu chochote. 555 ikiwa imetulia, waya wake uko chini karibu na sifuri, na kwa MS-20 sifuri ndiyo ardhi, na ardhi ndiyo "anza". Dawa ni transista nyingine na rizista moja mbele yake, kati ya 555 na ile mashine: geti likifunguka, transista inaufunga waya wa MS-20 kwenye ardhi, likifungwa, inauachia. Hiyo ndiyo nusu ya kazi ya moduli 961, na inaenea ndani ya plagi ya earphone ukikunja miguu vizuri.

Tulipeleka Nyatike Jumamosi moja, na betri ya gari kwa ajili ya spika. Mzee alivaa oduong'o yake kama kawaida. Hakutaka headphone na hatukumletea. Alianza polepole, na besi ya MS-20 ikaanza polepole chini yake. Alipokolea, ikakolea. Kuna mahali huwa anakaza mwendo kidogo kabla ya kutaja jina la marehemu, nimelisikia mara nyingi, na mashine mbili za Kijapani zikakaza pamoja naye, bila mtu kugusa kitufe. Si kila kitu kilikwenda sawa. Akigonga kwa upole sana, kisahani hakitoi umeme wa kutosha na Volca inaruka zamu yake, inabaki nyuma hatua mbili na hairudi yenyewe. Hilo bado linanisumbua. Jaduong' anataka kuongeza transista moja ya kukuza. Mimi naogopa gara zitarudi.

Halafu jirani mmoja akasimama na noti ya mia mbili mkononi, akaanza: yeye ndiye aliyejenga nyumba ambayo mvua huuliza njia. Mguu ukasimama. Besi ikasimama, mdundo ukasimama, taa nyekundu ya Volca ikabaki inawaka kwenye hatua ya kumi na moja, inangoja. Jirani aliongea, akajibiwa, akaongea tena. Alipokaa chini, mzee aligonga mara moja, na mashine ikaingia hatua ya kumi na tatu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mzee alimaliza wimbo kwanza. Kisha akaniita, "Nyathina," akaielekezea Volca kwa kidevu. Kwa desturi anayekatiza wimbo ndiye anayelipa, akasema, na leo hiyo kitu imeruka zamu mara mbili na kumkatiza yeye. Sasa alitaka kujua pesa zake zitatoka kwangu au kwa jaduong'.